Duara Kubwa la Kisima cha Mgodini

Bango jipya la plastiki lina harufu yake. Inafanana na ya ndara za mpira zilizosahaulika juani, ila hii ina wino ndani yake, ukali fulani unaopanda puani na kukataa kushuka. Juzi niliinusa katika ukumbi mmoja mjini Homa Bay, tulikoitwa wakazi kuelezwa mambo ya malaria. Vijana walilikunjua ukutani, rangi zikatujaa machoni, na kabla sijasoma hata neno moja nilikuwa nimegeuza uso. Mama aliyeketi karibu nami aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni joto. Ningemwelezaje kwamba mimi, mtu mzima mwenye watoto, bado nina hasira na picha?

Ninyi wa rika langu mliokulia upande wa Macalder mnakijua kiangazi ninachokisema, kile kilichokausha hata mikonge. Vumbi la mashine za kusaga mawe lilitua juu ya kila kitu, juu ya nguo kwenye kamba na juu ya omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa, na wanaume wakarudi kutoka mashimoni wakiwa weupe kama waliopakwa unga. Baba alikuwa mmoja wao. Mama alilima pale ardhi iliporuhusu, na mwaka huo ardhi haikuruhusu. Alikuwa mjamzito. Watu walimwita Nyar Rangwe, binti wa Rangwe, maana ndiko alikotoka kabla ya kuolewa kwetu, na alilijibu jina hilo kwa namna ya mtu anayekumbushwa kwamba ana kwao.

Tulikuwa na visima viwili. Cha Bondeni kilikuwa karibu na nyumbani, chini ya mteremko. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mama aliyachuja kwa kitambaa, akayaacha yatulie kwenye nyungu, kisha akayachemsha, na bado yalibaki na ladha ya udongo. Cha Mgodini kilikuwa juu, kando ya malundo ya kifusi kilichoachwa na wachimbaji wa zamani. Maji yake yalikuwa maangavu hata ungeweza kuona kokoto chini, na baridi hata meno yalishtuka. Ilikuwa mbali kupanda huko, kwa hiyo wengi wetu tulichota Bondeni, tukayalalamikia maji yake, tukayanywa.

Kisha likaja gari jeupe la mradi wa maji. Watu wake walivaa glavu, wakashusha vichupa ndani ya kila kisima, wakavibandika karatasi na kuviweka kwenye sanduku lenye barafu. Tulipowauliza wanafanya nini, mmoja alisema wanapima maji. Kupima! Kwetu sisi watoto wa shule neno hilo lilikuwa na maana moja tu, nayo ni mtihani. Nilielewa papo hapo. Visima vyetu vilikuwa vimefanyishwa mtihani, na siku moja matokeo yangeletwa. Niliwaeleza wadogo zangu, na tukaanza kubishana ni kipi kitakachokuwa nambari moja. Mimi nilikuwa upande wa Mgodini. Niliona haiwezekani maji ya rangi ya chai yapite mtihani wowote.

Matokeo yalikuja kweli. Gari lilirudi na bango kubwa, wakalitundika kwenye ukuta wa kisiagi cha unga, mahali ambapo kila mtu alifika. Lilikuwa ramani ya kwetu. Njia ya kwenda sokoni ilikuwepo, mto ulikuwepo, na kila kisima, vyetu viwili na vya vijiji jirani, kiliwekewa alama yake. Cha Mgodini kilikuwa na duara kubwa jekundu, kubwa kuliko yote, limeng'aa kama jua la jioni. Cha Bondeni kilikuwa na kinukta kidogo cha buluu, ungeweza kukifunika kwa ncha ya kidole. Mwalimu wetu alisahihisha kwa kalamu nyekundu, na aliyefanya vizuri alizungushiwa alama yake kwa duara. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nilikimbia nyumbani kumwambia mama kwamba Mgodini kimeshinda.

Watu wa mradi walikuwa na haraka. Walikuwa na sehemu nyingine za kufika, na aliyejua Dholuo, lugha yetu, miongoni mwao hakuwa amekuja siku hiyo. Walimwachia naibu wa chifu makaratasi ya Kiingereza, wakamwomba awaelezee wananchi, wakaondoka. Naibu wa chifu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu asiyeweza kusema hajui. Alisimama mbele ya bango na fimbo yake, akaeleza kwa utulivu kwamba ukubwa wa duara ni wingi wa maji. Palipo na duara kubwa maji ni mengi, hayatakauka leo wala kesho. Palipo na kinukta yamekaribia kwisha. Na wekundu, alisema alipoulizwa, ni kwa sababu udongo wa kule juu ni mwekundu.

Nani angebisha? Kiangazi kilikuwa kimekaza, na hofu yetu ilikuwa moja tu, kukaukiwa. Picha iliijibu hofu hiyo. Hapo ndipo hasira yangu inapopanda hadi leo, kwa sababu maelezo ya kweli yalikuwepo. Yalikuwa chini kabisa ya bango, kwa herufi ndogo kama chungu, kwa Kiingereza, na baada ya wiki moja yalikuwa yamefunikwa na unga uliorushwa na mashine.

Tukahama kisima. Wanawake walipanda Mgodini kwa foleni, na mama akiwa katikati yao na tumbo lake, mtungi kichwani, akisimama kila baada ya kitambo kushika kiuno. Mama Beryl, jirani yetu, alimwambia mara nyingi amtume mtu, naye akajibu kwamba maji ya kunywa huchotwa na anayejua kusuuza mtungi. Nilipenda kwenda naye. Nilipenda baridi ya maji yale na zile kokoto zilizometameta. Bondeni tuliwaachia ng'ombe, wakaingia na kwato zao, wakapakoroga, na hakuna aliyewafukuza.

Sijui ilianza lini. Nakumbuka kwamba mama alianza kuangusha vikombe. Alisema vidole vinamwasha kwa ndani, kama mtu aliyeulalia mkono. Tumbo lilimsokota, akatapika hata wakati ambao Mama Beryl alisema kutapika kwa mimba huwa kumekwisha. Wanawake walisema ni mtoto wa kiume, watoto wa kiume ni wasumbufu. Pale zahanati walimpa vidonge na kumshauri apumzike, na zaidi ya yote anywe maji mengi, tena yaliyo safi.

Mama alikuwa mtu wa kutii ushauri. Alikunywa maji mengi, yaliyo safi.

Shule zilipofungwa tulienda Rangwe, mama nami, ili akae kwa mama yake apate kupumzika. Bibi yangu alimtazama akiteremka kwenye pikipiki na sura yake ikabadilika, ingawa alitusalimu kama kawaida. Hatukukaa sana. Asubuhi moja mama hakuweza kuinuka, na Bibi akamwomba jirani mwenye pikapu atupeleke hospitali, Homa Bay.

Yaliyotokea ndani sikuyaona. Niliona milango. Niliona Bibi akiingia na akitoka, kila mara akinifunga vizuri vifungo vya sweta ambavyo havikuwa vimefunguka. Kisha akaniketisha, akaniambia kwamba ndugu yangu amekuja lakini hakulia. Nilimuuliza atalia lini. Bibi alinishika kichwa akakilaza kwenye mapaja yake.

Siku waliyomruhusu mama kutoka, tulikaa kwenye benchi la ukumbini tukingoja karatasi zake. Nikatafuta kitu cha kumfurahisha. Ndipo nikaiona. Ukutani, kando ya picha za chanjo, palikuwa na ramani ile ile, njia ile, mto ule, na duara letu jekundu. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na mwenzake ugenini. Nikamvuta mkono.

"Mama, ona kisima chetu," nikamwambia. "Hata Homa Bay wanakijua."

Nilisema kwa Kiswahili, kwa sababu mjini nilipenda watu wasikie kwamba nakijua. Kijana mmoja alikuwa karibu nasi amepanda kiti, anatundika bango jingine. Alikuwa na kitambulisho cha mradi shingoni. Baadaye nilimjua kwa jina la Wekesa, mtu wa upande wa Bungoma, hakujua Dholuo hata neno. Aligeuka, akaniuliza kama tunatoka huko. Nikamwambia ndiyo, na kwamba tunachota pale penye duara kubwa. Alishuka kwenye kiti.

"Bado mnachota hapo?" akamuuliza mama. "Mama, hicho ndicho kibaya kuliko vyote."

Mama alimwomba arudie. Wekesa akarudia, akaeleza polepole. Duara si wingi wa maji. Ni wingi wa sumu, ile inayotoka kwenye mawe ya mgodi na kushuka ndani ya kisima. Haina rangi, haina harufu, na ukiyachemsha maji haiondoki. Mama akauliza kuhusu kile kinukta cha buluu. Hicho ni salama, alisema Wekesa. Kina matope tu. Unachuja, unachemsha, unakunywa.

"Tulikiacha," mama akasema. "Tulikiacha kwa sababu ya picha yenu."

Wekesa alionekana kuumia kwelikweli, lakini alifanya kile ambacho watu hufanya wanapoumia, akajitetea. Alisema maelezo yapo, akainama na kuonyesha kwa kidole zile herufi ndogo chini. Mama naye akainama. Maziwa yalikuwa yameanza kushuka bila wa kuyanyonya, yamelowesha gauni kifuani, na alikuwa amejifunika kwa leso. Aliinama hivyo, leso mkononi, akizifuata herufi kwa kidole.

"Hiki ni Kiingereza," akasema.

Kabla hatujaondoka alirudi kwa daktari, akamuuliza kama ni maji. Daktari alimjibu kwa upole kwamba hawezi kusema. Mtoto hufa tumboni kwa mambo mengi, na mengine hayajulikani kamwe. Lilikuwa jibu la haki, najua. Nimejaribu kulikubali miaka yote hii na limekataa kukaa. Laiti angesema ndiyo, tungelia na kumaliza. Laiti angesema hapana, ningeweza kuingia ukumbini na kutazama bango la malaria kama watu wengine.

Tuliporudi nyumbani mama hakupumzika kama alivyoambiwa. Alienda kwa naibu wa chifu, akamweleza yote. Naibu alimpa pole ya msiba, kisha akamwambia kwamba makaratasi aliyoachiwa hayakusema hivyo, ingawa sidhani kama aliwahi kuyamaliza. Bango nalo lilikuwa mali ya mradi, hakuwa na ruhusa ya kulitoa. Akamwomba asiwatishe watu wakati wa ukame. Mama akaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Wanawake walimsikiliza, wakamkaribisha chai, na wengine wakaipika chai hiyo kwa maji ya Mgodini mbele ya macho yake. Walimhurumia. Walisema mwanamke aliyepoteza mtoto huona sumu hata kwenye maziwa. Baba mwenyewe alisema maji yale wachimbaji wameyanywa tangu zamani na wako hai, ingawa alipoambiwa awataje wanaojisikia wazima alichukua sururu yake akatoka.

Nilichokiona wakati ule, bila kuwa na maneno yake, ni kwamba mama alikuwa akishindana na ukuta. Yeye alisema mara moja katika kila nyumba. Bango lilisema kutwa nzima, kwa kila aliyekuja kusaga, na lilisema kwa rangi. Mama alichoka. Bango halikuchoka. Tuliporudi kuchota Bondeni, sisi peke yetu kati ya kwato za ng'ombe, watoto wenzangu walinicheka kwamba tumeshindwa hata kupanda kilima.

Tulipoagana hospitalini Wekesa alikuwa ameahidi kuja, na mama alikuwa ameacha kumtarajia. Alikuja kwa pikipiki, bila gari jeupe, na mkoba wa rangi na brashi. Aliomba wanawake wakutane kisiagini, na badala ya kueleza akauliza. Kila mmoja aseme anaona nini kwenye ramani. Mmoja baada ya mwingine walisema maji mengi, maji mengi, maji mengi. Mimi nikasema Mgodini kilipita mtihani. Wekesa alicheka, kisha kicheko kikamkauka usoni, akaketi juu ya gunia la mahindi.

"Lakini nyekundu ni hatari," akasema, kama anayeomba. "Kila mtu anajua nyekundu ni hatari."

"Kwenu labda," mama akamjibu. "Kwetu nyekundu ni udongo tunaoukanyaga. Ungekuja kutuuliza kabla ya kuchapisha, mwanangu."

Hakujitetea tena. Aliuliza, basi, sumu tunaijuaje tukiiona. Mama Beryl akaenda nyumbani kwake na kurudi na kopo la dawa ya kuogeshea ng'ombe, lenye fuvu la kichwa na mifupa miwili iliyopishana. Hata mtoto anayetambaa alifundishwa kuliogopa kopo hilo. Wekesa akageuza bango, akatandaza upande wake mweupe chini, akachora upya. Hakuchora duara wala nukta. Kwa kila kisima alichora mtungi, kama ile mitungi tuliyobeba kichwani. Kisha akaijaza rangi nyeusi kulingana na sumu. Mitungi mingine ilipata kidogo chini. Wa Bondeni aliuacha mweupe, akachora kikombe kando yake. Wa Mgodini aliujaza, akajaza, mpaka weusi ukafika mdomoni, na kando yake akaweka fuvu.

Hakuna aliyehitaji fimbo ya naibu wa chifu. Nilitazama nyuso. Nilikuwa nimedhani watu wakielewa hufurahi, kama darasani mtu anapopata jibu. Hawa hawakufurahi. Waliutazama mtungi ule mweusi, na nadhani kila mmoja alikuwa akiona kichwani mwake mtungi wake mwenyewe, ulioko nyumbani wakati huo, na kikombe kilichofungwa kando yake, na midomo iliyokinywea. Mama Beryl aliketi chini kwenye unga. Mwanamke mmoja kijana alitoka mbio kuelekea kwake bila kuaga, na tulijua alikuwa ameacha mtoto akipikiwa uji.

Naibu wa chifu alifika mwishoni. Aliutazama mchoro, akasema kwamba yeye alisema ni mengi, na kweli ni mengi, ila hakutaja ni mengi ya nini. Wekesa alipanda Mgodini akachora fuvu kubwa kwenye jiwe la kisima. Lilikaa miaka kadhaa kabla ya mvua kulifuta, na nasikia wachimbaji wageni wanachota pale tena, kwa kuwa maji ni maangavu. Nimeandika kuhusu hilo kwa ofisi zaidi ya moja. Wanaojibu hunitumia ramani.

Kabla ya kuondoka, Wekesa alimsogelea mama, akasimama mbele yake mikono ikiwa na rangi nyeusi. Mama alimuuliza kile alichomuuliza daktari. Naye alisema hajui. Akaongeza kwamba angetamani kujua. Mama akamwambia aende, jua lisije likamchwea njiani.

Asubuhi yake wanawake walishuka Bondeni na majembe. Kisima kilikuwa kimebaki shimo la tope na samadi. Walifukuza ng'ombe, wakazungusha miiba, wakaanza kuchota tope kwa karai na kulipitisha mkono kwa mkono. Walimkataza mama kushika kazi kwa sababu hakuwa amepona, naye akawapita akaingia ndani ya shimo, tope likimfika magotini. Alichimba kwa hasira. Kila karai alilolitoa alilisukuma juu kama anamrudishia mtu kitu chake. Sisi watoto tulipanga mawe ukingoni, na mchana ulipofika maji yakaanza kupenya kutoka chini, kidogo kidogo, mazito, ya rangi ile ile tuliyokuwa tukiilalamikia.

Mama Beryl alitaka kuchota pale pale. Mama akamzuia.

"Yaacheni yatulie kwanza," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kumgombeza mtu ambaye hakuwepo pale.

Tukaketi ukingoni na mitungi yetu mitupu, tukingoja.